Mzee wa korona anastaafu, na daftari la kurasa 90 halisomeki

Barua ni nyingi safari hii ila tatu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, maarifa ya kazi yanatunzwaje ili mtu akiondoka yasiondoke naye. Zote zimetoka Tanga. Nazijibu pamoja, na ya kwanza nitaikalia sana kwa sababu ndo yenye mambo mengi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nakaa Makorora ila kazini ni kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza, niko ofisini upande wa kumbukumbu. Tuna mzee wetu anasimamia korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, tangu sijazaliwa, mwezi wa 12 anastaafu anarudi kwao Pangani. Meneja kaniambia nikae naye niandike kila anachokijua, nimekaa naye wiki sita nimejaza daftari kurasa 90, afu juzi nikampa kijana atakayemrithi asome, kasoma siku mbili kaniambia dada sijapata kitu. Niliumia sana. Mambo yenyewe ni kama hivi, mzee anasema ukiona singa, yaani nyuzi za mkonge, zina kijani kaza, ukiona singa zinakatika legeza, majani yaliyolala bila kukwanguliwa usiyaendeshe mbio. Mdogo wangu anasoma kompyuta chuoni, kaniambia dada hiyo kazi inafanywa kwa modeli, kuna ontolojia, kuna michoro ya BPMN, akataja mengi kichwa kikauma. Je hayo yananifaa mie au ni ya makampuni makubwa ya Ulaya? Na daftari langu nilitupe?
Dada wa Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu. Daftari usilitupe kabisa, lifunge vizuri uliweke, hiyo ndo malighafi yako na wiki sita hujazipoteza. Shida ni kwamba daftari linaeleza mambo kwa mpangilio mzee alivyoyakumbuka, leo kaongelea visu kesho maji kesho kutwa mvua ya mwaka fulani, na kijana atakuja na swali lake saa nane usiku korona inagoma, hataanza kusoma ukurasa wa kwanza. Modeli ni maarifa yaleyale ila yamepangwa ili yajibu swali lolote litakaloingilia mlango wowote. Na ikiitwa rasmi maana yake kila neno lina maana moja tu iliyokubaliwa, na kuna kanuni ambazo mtu mwingine, au kompyuta, anaweza kuzitumia kukuonyesha hapa umejipinga, hapa umeacha pengo.

Kwamba ni ya Ulaya, hapana, ngoja nikupe mfano wa hapohapo kwenu. Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikatoka Florida ikapita Hamburg, ikafika hai 62 tu. Baadaye pale Mlingano, Muheza, watafiti wakatoa mkonge chotara unaoitwa 11648, na asili yake imeandikwa hivi: Agave amaniensis kachanganywa na Agave angustifolia (zote mbili ni mimea ya jamii ya mkonge), kizazi kilichopatikana kikachanganywa tena na amaniensis. Basi. Mstari mmoja. Waliofanya ile kazi hawapo tena lakini mtu aliyeko China, ambako mkonge huohuo unalimwa mpaka leo, akiusoma huo mstari anajua mama nani, baba nani, na amerudishwa kwa nani, bila kumpigia simu mtu yeyote Muheza. Hiyo ni modeli rasmi ya maarifa, na ilifanywa kwa kalamu.

Sasa tuanze na kazi yako. Kitu cha kwanza ni maneno, na hapa usiwe na haraka hata kidogo maana ndo penye uzito kuliko mchoro wowote. Chukua neno mzigo. Nina uhakika shamba lenu lina mizigo mitatu, wakata mkonge wakisema mzigo ni majani waliyofunga pamoja, dereva akisema mzigo ni trela zima, na stoo wakisema mzigo ni robota lililofungwa tayari kwa bandari. Wakiongea uso kwa uso wanaelewana kwa sababu kila mtu anamuona mwenzake kasimama wapi. Ukiandika kwenye daftari "mizigo 40 iliharibika" baada ya miaka mitano hakuna atakayejua kilichoharibika ni kitu gani. Kwaiyo kaa na mzee, na wa stoo, na nyapara wa shambani, siku moja tu, mkubaliane fungu la majani litaitwaje, trela litaitwaje, robota ni robota. Watabishana, waache wabishane, na wewe andika walichobishania, kwa sababu pale walipotofautiana kuhusu neno mara nyingi hata pesa hupotea hapohapo.

Yakishatulia maneno, unayaunganisha. Robota linatoka kwenye daraja moja la singa, singa zimetoka kwenye majani ya kipande fulani cha shamba, kipande kilipandwa mwaka fulani, korona iliyokwangua ni ipi, zamu ya nani. Vitu na uhusiano wake, namna hii ya kuchora aliiandika Peter Chen mwaka 1976 na mpaka leo hifadhidata nyingi sana zinaanzia hapo. Ontolojia anayosema mdogo wako ni ndugu yake, tofauti ni kwamba ontolojia inabeba na kanuni za maana, mfano ukiiambia kwamba robota moja haliwezi kuwa na madaraja mawili afu mtu akaingiza robota lenye mawili, inakuambia haiwezekani. Kuna lugha yake inaitwa OWL, ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 2004, na kuna programu ya bure kutoka chuo cha Stanford inaitwa Protégé ya kuandikia. Mwambie mdogo wako akufungulie muitazame pamoja, ila usianze nayo, anza na karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito.

BPMN ni michoro ya mwenendo wa kazi, nani anaanza, anamkabidhi nani, wapi kuna njia panda. Inakufaa kwa kitu kimoja hasa, safari ya jani kutoka kukatwa mpaka singa zake kuanikwa kwenye kamba, maana jani likikawia baada ya kukatwa linakauka na kulikwangua vizuri inakuwa tabu, kwaiyo mchoro utakuonyesha jani linalala wapi. Hapo inatosha. Nimeona watu wanajaza ukuta mzima na mishale ya kila kitu mpaka chai ya saa nne, afu mchoro haugusi uamuzi hata mmoja wa fundi.

Na uamuzi wa fundi ndo kiini cha barua yako. Kwa wasomaji wasiojua korona, ni mashine yenye ngoma ya visu butu inayozunguka, jani linapondwa kati ya ngoma na bamba, maji yanasukuma nyama ya jani, singa zinabaki. Nafasi ikiwa pana nyama inabaki ndo hicho kijani, ikibana sana singa zinakatika. Na singa zenyewe ni kama kilo 4 tu katika kilo 100 za majani, kwaiyo kila zinazokatika zinauma.

Mzee wako kakupa kanuni tatu. Ziweke kwenye jedwali la maamuzi, ni jedwali la kawaida hata eksel linatosha. Una maswali matatu ya ndiyo au hapana: singa zina kijani? singa zinakatika? majani yamelala? Mbili mara mbili mara mbili, ni hali nane. Ziandike zote nane, mstari mmoja kila hali, afu jaza mzee alichosema. Utaona kitu ambacho kurasa 90 hazikukuonyesha. Kuna mistari miwili ambayo singa zina kijani na hapohapo zinakatika, kanuni ya kwanza inasema kaza, ya pili inasema legeza. Kijana saa nane usiku afanye lipi? Na mzee hajakosea, yeye akifika pale anajua kitu cha tatu ambacho hajawahi kukutamkia, labda kisu kimeliwa upande mmoja kwaiyo huku pamebana kule pamelegea, labda maji hayana nguvu. Mimi sio fundi wa korona siwezi kujaza huo mstari na wewe usijaze kwa kubuni. Mpelekee mzee muulize, baba hali hii umeshawahi kuikuta, ulifanyaje? Akikwambia aah hapo naangalia maji kwanza, basi umepata swali la nne, jedwali linakuwa na hali 16, unarudi tena na mapengo mapya. Ukimwambia mtu mzima niambie kila unachokijua anabaki anakutazama, maarifa yake mengi yako mkononi na sikioni hayajawahi kupita mdomoni. Ukimpa hali moja kamili isiyo na jibu, anakujibu papo hapo na mengine anaongezea.

Hii sio mbinu yangu. Miaka ya 1970 hukohuko Stanford walitengeneza mfumo unaitwa MYCIN wa kushauri madaktari kuhusu maambukizi ya bakteria kwenye damu, ulikuwa na kanuni karibu 600 za ukiona hivi basi vile, na walizipata kwa kukaa na madaktari bingwa kesi baada ya kesi. Haukuwahi kutumika kwenye matibabu ya kawaida, lakini kuna kitu kimoja uliweza ambacho nakiomba sana kwenye jedwali lako. Daktari aliweza kuuliza KWA NINI na mfumo ukamwonyesha kanuni iliyotumika. Kwaiyo ongeza safu ya sababu. "Legeza, kwa sababu bamba limebana singa." Kanuni isiyo na sababu, mashine ikibadilishwa, hakuna atakayejua kama bado inafaa au imekufa.

Jedwali likishajaa mpe kijana, mwache asimamie zamu moja akilifuata huku mzee amekaa pembeni, mwombe asiseme kitu mpaka kijana akosee. Kila mzee atakapoinuka kwenye kiti, hapo pana mstari unaokosekana. Fanyeni hivyo mvua ikinyesha na kukiwa na jua, mna muda mpaka mwezi wa 12.

Meneja akiuliza kwa nini unatumia siku nyingi, mwambie hata kile kiwango cha ubora cha ISO 9001, toleo la 2015, kina kifungu cha 7.1.6 kinachotaka kampuni ijue maarifa gani inayahitaji kwa kazi zake na iyatunze. Mnunuzi wa nje akija kukagua atauliza.

La mwisho ni wapi uyaweke. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya nyuma niliifanyia kampuni moja kazi kama hii, miezi mitatu tukaandika modeli safi kabisa ndani ya programu ya kulipia, mwaka uliofuata hawakulipa leseni na faili halikufunguka kwenye kitu kingine chochote. Nilikuwa na mafaili 14 hayasomeki. Wazee wawili tuliowahoji walikuwa wameshaondoka. Tangu hapo kila ninachofanya kinatoka pia kama maandishi ya kawaida yanayofunguka kwenye simu yoyote, na nakala moja imechapishwa kwenye karatasi iko kwenye kabati. Na wewe fanya hivyohivyo tafadhali.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni wakala wa forodha, ofisi yetu ni ndogo tuko watu watano karibu na bandari. Mwaka 2017 tuliandika utaratibu wetu wote wa kutoa mzigo, vizuri tu na michoro, saivi vijana wapya wakiusoma unawapoteza kwa sababu bandari imebadilika. Tuandike upya kila mwaka?
Wakala, Chumbageni

JIBU: Salama ndugu yangu. Mkiandika upya kila mwaka mtachoka mwaka wa pili mtaacha. Kosa lenu ni moja tu, kanuni zenu hazina tarehe. Zamani meli kubwa ilitia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa gatini, kwaiyo muda wenu wote, gharama zenu, nani apigiwe simu saa ngapi, vilikaa juu ya jambo hilo moja. Kina kimechimbwa kutoka mita 3 mpaka 13, gati mbili za jumla ya mita 450 zimejengwa, meli inafunga gatini yenyewe. Jambo moja limebadilika na kurasa labda 20 zimekufa nalo, lakini huwezi kuzijua ni zipi kwa sababu hakuna mahali mliandika kanuni ipi inategemea nini.

Kwaiyo kila kanuni ipeni vitu vitatu: inaanza lini, imekoma lini kama imekoma, na inasimama juu ya nini. Kanuni iliyokoma msiifute, ifungeni tu kwa tarehe. Ikitokea kesi ya mzigo wa 2018 mbele ya mtu wa kodi mtahitaji kujua utaratibu wa siku ile ulikuwaje, sio wa leo. Na hivyo vinavyoshikilia kanuni nyingi, mfano kina cha bandari, mfumo wa forodha, sheria ya fedha inayoanza kutumika kila mwaka mwezi wa 7, viandikeni pembeni kwenye karatasi moja. Kikibadilika kimoja mnafuata kamba mnaona ni kanuni zipi zinaning'inia hapo, mnazigusa hizo tu. Mbili tatu kwa wakati mmoja, jioni moja mmemaliza.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Babu yangu ni fundi majahazi hapa Sahare, mimi nataka biashara yake iwe kampuni kweli, nimeanza kuandika ujuzi wake kwenye kompyuta kwa hizo ontolojia. Mambo mawili yananishinda. Kwanza kuna vitu nikimuuliza anasema utaona ukifanya. Pili baba mdogo anasema namnyang'anya mzee ujuzi wake, nikishauweka kwenye mashine mzee hana thamani tena. Naombeni ushauri.
Mjukuu, Sahare

JIBU: Marahaba mjukuu, na mzee mpe shikamoo zangu. Kwanza nikupongeze kwa kuanza na jahazi maana majina yake tu ni hazina, mkuku, mataruma, hanamu, fashini, kalafati, deheni, na mafundi wengi wa pwani wanaondoka nayo. Hapo ontolojia inakufaa kweli, ila angalia kosa linalowapata karibu wote wanaoanza, kuchanganya NI AINA YA na NI SEHEMU YA. Jahazi ni aina ya chombo. Taruma, ule ubavu wa mbao, ni sehemu ya jahazi. Ukiandika taruma ni aina ya jahazi, kompyuta haitakubishia, itaamini, na siku utakayouliza tuna aina ngapi za majahazi itakuhesabia mbao. Kalafati nayo sio sehemu, ni kazi inayofanywa, kuziba nyufa za mbao kwa pamba, ina vifaa vyake, ina kinachotangulia na kinachofuata, iweke upande wa kazi.

Sasa hilo la utaona ukifanya, mzee hakufichi. Kuna mambo hayaandikiki, pamba inasindikwa kwenye ufa kwa nguvu kiasi gani, ubao umepinda kutosha au bado, hayo yanahamia kwa mkono kukaa karibu na mkono. Modeli yako iandike waziwazi hapa maarifa yako kwa mtu, hayako hapa, na mtu mwenyewe ni nani, na nani anajifunza kwake. Huo ni mstari halali kabisa kwenye modeli. Unamwambia mwenye kampuni hapa mnatakiwa mlipe mwanafunzi akae miaka, msije mkadanganyika kwamba faili linatosha.

Na hapo ndo jibu la baba mdogo lilipo, na mi naona ana haki ya kuuliza. Maarifa ni ya mzee. Kabla hujaendelea kaeni kikao cha familia, mzee akiwepo, muandike karatasi: kila kanuni iliyotoka kwake ina jina lake kama chanzo, kampuni ikianza kupata pesa ana fungu lake, na ikitokea mtu wa nje anataka kunakili, anaulizwa yeye kwanza, akiwa hayupo wanaulizwa warithi wake. Afu msomee kwa sauti ulichoandika mpaka sasa, sehemu kwa sehemu, umwache akusahihishe. Mtu anayesomewa ujuzi wake mwenyewe na mjukuu wake huwa anakumbuka na ambayo hukumuuliza, kwaiyo siku hiyo nenda na daftari jipya na uwe na muda, usiende umepanga kuondoka saa kumi.